Binet: Aliyebuni kipimo cha akili, akahofia matumizi yake

ALFRED Binet alizaliwa Julai 1857 mjini Nice, miaka mitatu kabla ya mji huo kutwaliwa na Ufaransa. Babaye alikuwa tabibu, mamaye msanii. Alihitimu masomo ya sheria mwaka 1878, ila hakuyaonea ladha. Badala yake alijifungia katika maktaba kuu ya Paris, akajifundisha saikolojia kwa kusoma.

Fedheha ilimpata mapema. Katika miaka ya 1880, akiwa hospitali ya Salpêtrière chini ya Jean-Martin Charcot, yeye na mwenzake Charles Féré walitangaza kwamba sumaku iliweza kuhamisha dalili za mgonjwa aliyepumbazwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Msomi wa Ubelgiji, Joseph Delboeuf, alibainisha kwamba wagonjwa walijua fika walichotarajiwa kufanya, nao wakakifanya. Binet alilazimika kukiri kosa.

Tangu hapo hakumwamini mpimaji yeyote kikamilifu, hata nafsi yake. Alipopima vichwa vya wanafunzi kutafuta uhusiano wa ukubwa wa kichwa na akili, alikuta tofauti za milimita chache tu. Isitoshe, alishuku kwamba mkono wake mwenyewe ulivuta vipimo kuelekea jibu alilolitarajia. Ni nadra msomi kujishtaki hivyo.

Nyumbani aliwachunguza bintize wawili, Madeleine na Alice. Mmoja alijifunza kutembea kwa uangalifu mwingi, mwingine kwa pupa. Hapo akatambua kwamba akili hazina njia moja.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Sheria ya 1882 ilikuwa imewalazimu watoto wote kusoma, na walimu walikuwa wakiwatenga baadhi yao kwa makisio, wengine kwa chuki. Binet, mwanachama wa tume hiyo, alishirikiana na daktari Théodore Simon. Mwaka 1905 wakatoa kipimo cha majukumu 30: kuanzia kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka hadi kueleza tofauti baina ya dhana zinazokaribiana. Mwaka 1908 waliyapanga kwa umri, kuanzia miaka mitatu hadi 13.

Masharti waliyoyaweka yalikuwa makali. Mtoto apimwe peke yake, mahali tulivu, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Atiwe moyo bila kudokezewa jibu. Kipimo kionyeshe hali yake ya siku ile, wala si asili yake au mustakabali wake. Matokeo yasomwe pamoja na taarifa za daktari na za mwalimu. Zaidi ya yote, lengo liwe kumpatia mtoto msaada. Washauri nasaha wa shule zetu wangefaa kuyarejelea masharti haya kabla ya kumwekea mwanafunzi karatasi yoyote ya kumpima.

Katika kitabu chake cha 1909 kuhusu watoto, Binet aliwakemea waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki. Alitetea mazoezi maalumu ya kunoa umakini na kumbukumbu. Aliaga dunia mjini Paris Oktoba 18, 1911, akiwa na umri wa miaka 54.

Nchini Marekani, Henry Goddard alikuwa ameshatafsiri kipimo hicho, na punde kikatumiwa kuwachuja wahamiaji katika kisiwa cha Ellis. Lewis Terman alikifanyia marekebisho mwaka 1916, akaeneza desturi ya kuifupisha akili kuwa tarakimu moja, IQ. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliidhinisha Carrie Buck wa Virginia afungwe kizazi. Alama za kipimo hicho zilikuwa miongoni mwa ushahidi dhidi yake.

Simon aliishi hadi 1961. Kwake, ile tarakimu moja ilikuwa usaliti wa kazi aliyoifanya na Binet.