Khabari za Ibn al-Haytham, Aliyebainisha Siri ya Jicho

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia macho na masikio. Na sala na salamu zimfikilie Mtume wetu, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya: ewe msomaji, hizi ni khabari za bwana aliyekata shauri katika jambo walilokhitalifiana wataalamu kwa zaidi ya miaka elfu: jicho huona kwa kutoka kitu ndani yake, au kwa kuingia kitu kutoka nje?

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra, karibu ya mwaka 354 H. (965). Waandishi wa khabari zake wamesema ya kuwa al-Hakim, mtawala wa Misri, alisikia kwamba yeye aweza kuyatengeneza maji ya mto Nili, basi akamwita. Akaupanda mto hata maporomoko ya Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale, akatambua ya kuwa lau jambo hilo lingalimkinika, mafundi wale wasingaliliacha. (Boma kubwa la Aswan lilimalizika mwaka 1970, kwa mitambo ambayo yeye hakuwa nayo.) Akarudi kwa haya, akaomba udhuru. Al-Hakim akampa kazi ya diwani. Lakini mtawala huyo aliwaua watu kwa sababu ndogo, na Ibn al-Haytham akaogopa, akajifanya mwenda wazimu. Akafungiwa nyumbani mwake mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 H. (1021), ndipo akili zake zikarejea!

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye makala saba. Kabla yake Uqlidis na Batlamyus, Wayunani, walisema ya kuwa jicho hutoa mwali ukaenda kukigusa kitu, kama kipofu atafutavyo njia kwa fimbo. Wafuasi wa Aristu wakakataa. Kila kundi lilishika maneno ya wakubwa wao. Ibn al-Haytham hakuona ukubwa wa mtu kuwa ni hoja. Alieleza ya kuwa mwenye kulikazia jua macho huumia, na akigeukia kiza hubaki akiona alama ya ile nuru. Basi nuru ndiyo ilitendalo jicho. Tena mtu akifumbua macho usiku huziona nyota papo hapo: ni mwali gani utokao katika jicho ukaijaza mbingu, na jicho lisipungue kitu?

Kisha akafanya majaribio. Aliweka taa kadha mahali mbali mbali, mbele ya tundu liingialo chumba cha kiza. Ukutani mle ndani pakaonekana madoa ya nuru kwa hisabu ya taa. Akikinga taa moja, doa lake tu hutoweka. Akiondoa kinga, hurudi. Ikathibiti ya kuwa nuru hwenda kwa mstari ulionyoka, na nuru nyingi hupita tundu moja pasina kuchanganyikana. Kamera za picha zimejengwa juu ya msingi huo, na mboni ya jicho nayo ni tundu.

Yeye alidhani ya kuwa kinachohisi ni ule ute ufananao na barafu ulio ndani ya jicho. Sivyo: ute huo huipinda nuru na kuikusanya, na sura huchoreka juu chini katika utando wa nyuma, kama alivyobainisha Kepler, Mjerumani, mwaka 1604. Naye alisoma kitabu hiki kwa Kilatini, kilichopigwa chapa Basel mwaka 1572. Lakini kwamba akili ndiyo ihukumuyo kinachoonwa, Ibn al-Haytham alilijua hilo. Mwezi ukichomoza huonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini. Akaeleza ya kuwa mwezi haukukua, ni hukumu ya akili iliyokosea.

Alipofunguliwa alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akila kwa kalamu yake. Imepokewa ya kuwa kila mwaka alinakili vitabu vya Uqlidis na Batlamyus, wale wale aliowasahihisha, akaviuza kwa dinari 150, zikamtosha. Alifariki Kairo karibu ya mwaka 430 H. (1040), Mwenyezi Mungu amrehemu.