Marcelin Albert, mtu wa divai aliyeingia peke yake kwa mukubwa

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama na watoto wa kambi, leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakushika piki ya mine hata siku moja. Yeye alilima mizabibu. Lakini sisi wa sendika tukisoma habari yake, tunaona ni mwenzetu kabisa.

Marcelin Albert alizaliwa mwaka 1851 katika Argeliers, kijiji cha Languedoc, kusini ya Ufaransa, karibu na mji wa Narbonne. Alikuwa na shamba ya mizabibu na nganda moja pale kijijini. Kule watu wote waliishi juu ya divai, namna sisi tunaishi juu ya shaba. Bei ikianguka, hata fundi wa viatu anakosa mukate.

Na bei ilianguka. Kwanza kamdudu kanaitwa phylloxera kalikula mizizi ya mizabibu karibu Ufaransa nzima. Watu wakapanda upya, wakachagua mizabibu ya kuzaa sana, divai ikawa nyingi. Ile ya Algeria nayo ikaingia kwa meli. Tena wafanyabiashara walitengeneza divai ya uongo kwa maji na sukari. Mwaka 1903 leta ilipunguza kodi ya sukari, na ule wizi ukapata nguvu. Mkulima akabaki na mapipa yamejaa, mnunuzi haiko.

Albert alipiga makelele miaka mingi, watu wakamcheka. Tarehe 11 Machi 1907, watu 87 wa Argeliers walimfuata kwa miguu mpaka Narbonne, kuonana na wabunge waliotumwa kuchunguza mambo ya divai. 87 tu! Kisha wakaanza kukutana kila Jumapili: Narbonne, Béziers, Perpignan, Carcassonne, Nîmes. Tarehe 9 Juni, kule Montpellier, wanasema walipita 500,000. Mwenye shamba na kibarua wake walitembea pamoja. Wakakataa kulipa kodi, na mameya wengi wakaacha kazi. Wa kwanza wao alikuwa Ernest Ferroul, munganga na meya wa Narbonne.

Mukubwa wa serikali alikuwa Georges Clemenceau. Alituma askari. Tarehe 19 Juni walimkamata Ferroul, na siku ile na kesho yake askari walipiga risasi katika Narbonne. Watu 6 walikufa. Askari wa rejima ya 17, watoto wa kule kule, waliposikia, walitoka Agde na bunduki zao, wakatembea usiku mpaka Béziers, juu hawakutaka kuua wazazi wao. Kisha walitumwa mbali, Gafsa katika Tunisia.

Albert alikuwa amejificha. Akapanda treni mpaka Paris, na tarehe 23 Juni akaingia katika biro ya Clemenceau. Aliingia peke yake. Hakuna mwenzake wa kamati, hakuna shahidi. Clemenceau alimsemesha vizuri, Albert akalia machozi, akaahidi kurudi kutuliza watu. Wakati wa kutoka, mukubwa akamupa noti ya franga 100 ya kulipa treni. Albert akaichukua kama deni.

Njo hapo mutego ulifunga. Clemenceau aliita watu wa magazeti, akawaeleza habari ya machozi na ya ile noti. Albert alipofika kwao, watu waliomwita mukombozi wakamwita musaliti. Alijitoa kwa polisi, akafungwa kidogo katika Montpellier. Alipotoka, hakuna aliyemfuata tena. Akaenda Algeria, kisha akarudi, akafa masikini katika Argeliers mwaka 1921.

Lakini kazi yake haikuwa ya bure. Tarehe 29 Juni 1907 sheria ilipita: kila mkulima atangaze mavuno yake, na sukari ichungwe. Mwezi wa Septemba wakulima wakaunda shirikisho lao, Ferroul akiwa mbele, kwa kuwinda wenye divai ya uongo. Leo chupa zikiandikwa Corbières, Minervois ao Fitou, zabibu zake lazima zitoke kule kule Languedoc.

Sisi hatuamini kama Albert aliuza watu. Franga 100 hazinunui watu 500,000. Kosa lake lilikuwa kuingia peke yake na kupokea kitu kwa mkono wa yule anayebishana naye. Nasi tumeona delege akitoka biro mlango umefungwa, na kesho yake kambi nzima inasema amekula, hata kama hakukula kitu.

Basi, ndugu, mkituma mtu kwa mukubwa, mtume watatu. Na nauli yao itoke katika mufuko wa sendika, hata ikiwa lazima tuchange kila mtu kidogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.