John Ambrose Fleming

Bila shaka umepata kuisikia redio ikivuma. Mtangazaji anasoma habari, na nyuma ya sauti yake kuna mvumo mnene kama wa nyuki ndani ya mzinga. Ukiitoa redio hiyo kwenye umeme wa nyumba na kuitia betri, mvumo unakoma. Redio ni ile ile na kituo ni kile kile; kilichobadilika ni umeme tu. Mtu aliyetupatia njia ya kuuondoa mvumo huo alikuwa mwenyewe na masikio mazito. Jina lake ni John Ambrose Fleming.

Fleming alizaliwa katika mji wa Lancaster, Uingereza, tarehe 29 Novemba 1849. Alipokuwa na umri wa miaka 11, kama wewe hivi, alikuwa tayari na karakana yake ndogo, akiunda mashua na injini za mfano. Alitamani kuwa mhandisi, lakini fedha za masomo hazikutosha. Kwa hiyo alisoma, akaacha akafanya kazi, kisha akarudi tena kusoma. Alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1877 alikuwa mtu mzima wa miaka 27. Alikwenda huko kumsikiliza James Clerk Maxwell, bingwa wa elimu ya umeme, ambaye alifariki miaka miwili tu baadaye.

Baada ya hapo Fleming akawa mshauri wa kampuni ya taa za umeme ya Edison mjini London. Globu za siku zile zilikuwa na kasoro: kioo chake kiliingia weusi kwa ndani. Huko Marekani, Thomas Edison alitia kipande cha bati ndani ya globu, akaona jambo la ajabu. Umeme uliruka kutoka kwenye uzi wa moto hadi kwenye bati, ingawa havikugusana. Tena ulipita upande mmoja tu, kurudi haukuweza. Fleming alilichunguza jambo hilo kwa makini, lakini kwa miaka mingi halikupatiwa kazi kubwa. Globu zile zikawekwa kabatini.

Mwaka 1899 alianza kumsaidia Guglielmo Marconi katika kazi ya simu ya upepo. Fleming ndiye aliyesanifu mitambo mikubwa ya Poldhu, ambayo mawimbi yake yalivuka Bahari ya Atlantiki tarehe 12 Desemba 1901. Sifa zote zilimwendea Marconi, na jambo hilo lilimwuma Fleming.

Lakini lilikuwapo jambo lililomtatiza zaidi. Ili kupokea habari za simu ya upepo, ilimpasa mtu atege sikio na kusikiliza milio hafifu sana. Fleming alikuwa akizidi kuwa kiziwi. Alitaka kuiona milio hiyo kwa macho, kwa kutumia chombo cha kupimia umeme. Chombo nacho hakikucheza, kwa sababu umeme wa mawimbi hayo hugeuka mbele na nyuma kwa kasi mno. Mnamo Oktoba 1904 akazikumbuka globu za kabatini. Alizijaribu, na chombo kikacheza! Globu iliuruhusu umeme upite upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, kama valvu ya gurudumu la baiskeli inavyouacha upepo uingie bila kuuacha utoke. Ndiyo maana aliiita valvu.

Sasa turudi kwenye redio yako. Umeme unaofika nyumbani nao huenda mbele na kurudi nyuma, mara 50 kila sekunde. Ukiingia hivyo hivyo katika redio, spika hutikisika pamoja nao, nawe husikia mvumo. Kwa hiyo redio zilizotumia umeme wa nyumba zilitiwa valvu ya kuuelekeza upande mmoja. Hata hivyo, umeme uliopita hapo huja kwa mapigo, kama maji yanayomwagwa kata kwa kata. Mapigo hayo huingia katika chombo kiitwacho kapasita. Kifikirie kuwa ni mtungi wenye tundu chini: juu unajazwa kwa kata, chini maji yanatiririka bila kukatika. Kapasita ikichakaa, mvumo hurudi. Na umeme wa mtaani ukipungua nguvu, mtungi haujai. Ukiongeza sauti, muziki hukwaruza. (Usiifungue redio ili kutazama. Kapasita huweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.)

Fleming alifundisha Chuo Kikuu cha London mpaka mwaka 1926, na mwaka 1929 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1933, akiwa mzee wa miaka 83 asiyesikia vizuri, alimwoa mwimbaji, Olive Franks. Alifariki Sidmouth tarehe 18 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 95.

Valvu za kioo zimekwisha kutoka katika redio za nyumbani. Mahali pake pana daiodi za silikoni, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele. Umeme hupita humo upande mmoja tu.