Christian Adam Dann, Mtetezi wa Wanyama

Mwezi huu twawaletea habari za Christian Adam Dann, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, ambaye huruma yake kwa wanyama ilizaa chama, na baada ya chama ikaja sheria.

Dann alizaliwa tarehe 24 Desemba 1758 mjini Tübingen, katika nchi ya Württemberg. Akasomea uchungaji, akatumika Stuttgart, mji mkuu wa nchi hiyo. Lakini mwaka 1812 hotuba yake penye maziko ya mwigizaji mmoja haikumpendeza mfalme. Basi akaondolewa mjini, akapelekwa vijijini, kwanza Öschingen, kisha Mössingen.

Huko aliishi kati ya wakulima na mifugo yao. Siku moja korongo aliuawa kwa risasi kijini Mössingen, na jambo hilo likamchoma moyo. Ndege wa namna hiyo twawajua sisi pia, kwa maana wengi huja Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya. Mwaka 1822 Dann akatoa kitabu kidogo ambamo wanyama wenyewe wawaomba wanadamu rehema. Alifundisha ya kuwa mnyama huona maumivu kama sisi, na ya kuwa Muumba atatudai hesabu kwa ajili yake.

Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoletwa na Richard Martin, ya kuwaadhibu wawatendao ukatili farasi, ng'ombe na kondoo. Hata mwaka 1824 watu wakaunda chama mjini London, wapate kuwafikisha wakosaji mbele ya mahakimu. Kwa maana sheria isiyo na mshitaki hulala.

Mwaka 1824 Dann alirudishwa Stuttgart. Akazidi kuwatetea wanyama, asione bado chama wala sheria katika nchi yake. Akafariki tarehe 19 Machi 1837.

Je, kazi yake ilizikwa pamoja naye? Sivyo. Mwaka uo huo mchungaji Albert Knapp, mtunga nyimbo za Kanisa, aliwaita watu wa Stuttgart wakusanyike, na hivyo kikaanza chama cha kwanza cha kuwalinda wanyama katika Ujerumani. Mwaka 1839 sheria ya Württemberg ikaweka adhabu kwa watesao wanyama, na mwaka 1871 sheria ya Ujerumani yote ikafuata.

Ndugu, nasi tunayo sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 yakataza ukatili kwa wanyama. Lakini punda abebaye maji na mahindi huku Dirma, mwenye vidonda mgongoni, hawezi kwenda barazani kujishitakia. Yampasa apate msemaji. Basi wazee wa Kanisa na walimu wa injili, mwonyeni kwanza mwenye mnyama kwa upole, kama ndugu. Asiposikia, mwendeeni pamoja, wawili au watatu. Akizidi kushupaa, apelekewe habari afisa mifugo au polisi. Na kila mmoja wetu aanze kwa kuutazama mgongo wa punda wake mwenyewe.

Mithali 12:10 yatufundisha ya kuwa mwenye haki hujulikana hata zizini. Dann alilishika neno hilo akiwa peke yake. Sisi tumepewa kulishika pamoja.