Ahmad bin Majid: malimu aliyebebeshwa lawama isiyo yake

Chai ya Roret na vilima vya Kericho huteremshwa hadi Kilindini ikapakiwa melini. Meli ikishatoka, afisa wake hupima kwa rada umbali wa ncha mbili tatu za pwani, kisha kwa bikari huchora tao la kila umbali juu ya ramani ya bahari. Matao yanapokatana ndipo meli ilipo. Zama za majahazi rada haikuwepo, lakini swali lilikuwa hilo hilo, na aliyelijibu vyema kuliko wengi ni Ahmad bin Majid.

Alizaliwa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Baba na babu yake walikuwa malimu, yaani waongoza vyombo. Malimu wa zama zake walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa kibao chenye uzi wa mafundo, wakihesabu kwa vidole. Nyota ikifika idadi ya vidole inayojulikana, chombo kimekuwa usawa wa bandari fulani. Huku kwetu kusini, Nyota ya Kaskazini huzama isionekane, hivyo walipima nyota nyingine. Elimu hiyo aliiandika katika Kitab al-Fawa'id, karibu mwaka 1490, na katika shairi la Sufaliyya linaloeleza njia ya kwenda Sofala.

Hata hivyo, wengi wetu tunamjua kwa jambo moja tu: kwamba mwaka 1498 alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut. Chanzo chake ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baadaye, akadai kuwa malimu huyo alileweshwa. Waandishi wa Kireno walimtaja mtu wa Gujarat, na Barros akamwita Malemo Cana. Mwaka 1922 Mfaransa Gabriel Ferrand akaziunganisha habari hizo, na tangu hapo vitabu vinanakiliana.

Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee, na safari hiyo haimo katika hesabu ya kazi zake. Walimu wa Lamu, Malindi na Mombasa wanaowasomesha watoto wetu historia wamtaje kwa elimu aliyoiacha. Tuhuma ya kuwafungulia Wareno mlango haina ushahidi wa kumshika nayo.