Mwalimu Nyerere na Deni la Msomi

Kila tarehe 14 Oktoba Tanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mjini London mwaka 1999. Mengi husemwa siku hiyo kuhusu uhuru, Muungano na Ujamaa. Katika makala hii tunapenda kumtazama kwa upande mmoja tu: kijana wa kijijini aliyepata shule wakati watoto wengi wa rika lake hawakuipata, na jinsi alivyoiona bahati hiyo kuwa ni deni.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya Nyang'ombe. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji. Alianza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12, huko Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, katika shule ya serikali. Mwaka 1943 alibatizwa, na mwaka huohuo akaingia Makerere, Uganda, alikopata stashahada ya ualimu mwaka 1945.

Kijana mwenye cheti cha Makerere wakati ule angeweza kutafuta kazi serikalini, yenye mshahara mzuri na pensheni. Yeye alichagua kufundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Wamisionari wa Afrika. Jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada, akiwa mmoja wa Watanganyika wa kwanza kabisa kuhitimu Uingereza. Akarudi tena darasani, safari hii St. Francis, Pugu. Machi 1955 ilimbidi achague kati ya ajira yake na kazi ya TANU. Aliacha ajira, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Alipoipokea nchi mwaka 1961, shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na mtoto wa Mwafrika ndiye aliyetumiwa fedha kidogo kuliko wote. Mwenyewe alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilianza uhuru ikiwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Mgawanyo wa rangi uliondolewa mara moja. Mwaka 1967 ilitoka sera ya Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1970 ukawa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi.

Msingi wa yote hayo ulikuwa fundisho moja. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Akila na asirudi, amewasaliti.

Fundisho hilo lilipimwa Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu watumikie kwa muda huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Tunaweza kujadili kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Lakini hatuwezi kusema alidai kwa wengine asichokidai kwake, kwa sababu siku hiyohiyo alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Kazi yake ilikuwa na mapungufu pia. Mbio za kuwaandikisha watoto wote zilijaza madarasa kuliko walimu waliokuwapo, na waliomaliza darasa la saba wakapata nafasi ya sekondari walikuwa wachache sana. Aidha, sheria ya mwaka 1969 iliweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, zikiwamo zile mbili alizofundisha mwenyewe. Kanisa liliumia. Hata hivyo, watoto wa dini zote wakapata nafasi sawa katika shule hizo. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa, na sisi tunaosoma humo leo tunafaidi uamuzi huo.

Hapa Kalangalala, mjini Geita, deni la msomi linaonekana kwa macho. Dhahabu huleta fedha, na pia humwita mvulana atoke darasani aende kwenye maduara, akiamini kwamba bahati ya siku moja itashinda miaka minne ya sekondari. Msichana naye hubaki nyumbani kulea wadogo zake au kuuza chakula machimboni. Wapo pia vijana wetu ambao ni wa kwanza katika familia zao kumaliza chuo. Wanajua mzazi aliuza ng'ombe yupi, na shangazi gani alichanga nauli.

Kwa vijana hao, na kwetu waseminari, kulipa deni hakuhitaji cheo. Likizo moja inatosha kufundisha hisabati jioni. Mtoto wa jirani anahitaji mtu wa kukaa naye ajaze fomu za mkopo wa elimu ya juu, ambazo wazazi wake hawajawahi kuziona. Kikao cha wazazi kinahitaji mtu wa kuuliza kwa upole, na bila kuchoka, kwa nini binti fulani haonekani tena shuleni.

Kanisa limekwisha kumwita Mwalimu Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri unaendelea. Tunapomwombea, tujiulize pia: chakula cha kijiji tulichopewa sisi, tumekipeleka wapi?