David Livingstone na Kitabu cha Kilatini

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika pori la Mgunda Mkali, ambalo leo limo katika nchi ya Manyoni, mkoani Singida. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alilivuka pori hilo pamoja na wapagazi wake, akimtafuta Daktari David Livingstone ambaye habari zake zilikuwa zimepotea, akamkuta Ujiji. Watu wengi wazijua safari hizo, lakini ni wachache wajuao jinsi Livingstone alivyoipata elimu yake.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika Uskoti. Baba yake aliuza majani ya chai, na watu saba wa nyumba yake walikaa katika chumba kimoja. Daudi alipotimiza miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, ili asaidie kuwalisha wenziwe. Alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, akamaliza saa mbili usiku, naye hakupumzika ila wakati wa chakula. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika katika mashine za kusokota.

Alipopokea mshahara wake wa juma la kwanza, alitoa sehemu yake akanunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, kilichotungwa na Thomas Ruddiman. Kilatini ni lugha ya Warumi wa kale, na hata siku zile hapakuwa na taifa hata moja lililoisema kama lugha ya mama. Mtu angeweza kuuliza mtoto wa kiwandani, mwenye kuchoka na kulemewa na usingizi, atafanya nini na lugha ya watu waliokwisha kufa. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa kuyatazama maisha yake.

Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku, tangu saa mbili hata saa nne. Kisha aliendelea kusoma nyumbani hata usiku wa manane, na mara nyingine mama yake alimnyang'anya kitabu ili apate kulala. Mchana alikiweka kitabu wazi juu ya mashine. Kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja, akaenda zake akiifikiri, kisha akarudi kuisoma ya pili, na makelele ya mashine hayakumzuia. Hivyo alipokuwa na miaka 16 aliweza kuyasoma mashairi ya Virgil na Horace, washairi wakubwa wa Roma.

Faida ya kwanza ikaonekana mwaka 1836, alipoanza kujifunza udaktari katika mji wa Glasgow. Wakati wa baridi alisoma, na wakati wa joto alirudi kiwandani kutafuta ada. Majina mengi ya mifupa na ya dawa yalikuwa ya Kilatini, na mengi ni hivyo hata leo. Mbuyu, mti tuujuao sana, wataalamu wa mimea duniani kote huuita Adansonia digitata. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake wenye vidole, kwa sababu majani yake yametanda kama vidole vya mkono. Mwezi wa Novemba 1840 akapata cheti chake cha udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini.

Huko akaona kwamba Kilatini nacho kina mpaka wake. Hakikuweza kumsaidia kuomba maji njiani, wala kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Basi akajitenga na Wazungu wenzake, akakaa kama miezi sita kati ya Wakwena ili ajifunze Kitswana. Katika Kilatini mwisho wa neno ndio ugeukao: puer ni mvulana, pueri ni wavulana. Katika Kitswana hugeuka mwanzo: motho ni mtu, batho ni watu. Sisi hatushangai, maana Kiswahili, Kinyaturu na Kinyiramba ni ndugu zake. Kama angalikipima Kitswana kwa kipimo cha Kilatini asingalikielewa. Ilimpasa asikilize upya kama mtoto. Lakini alikwisha kuzoea kuuliza kwa nini neno linageuka, na mazoea hayo yalimfaa. Baadaye aliandika kitabu juu ya lugha hiyo, kikapigwa chapa mwaka 1858. Kilatini chenyewe alikisahau kwa sehemu, naye alikiri kwamba aliwajua Virgil na Horace zaidi alipokuwa kijana.

Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Akazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Ukingoni mwa jiwe la kaburi lake pana maneno ya Kilatini ya mshairi Lucan, juu ya kupenda kweli na kutamani kuijua asili ya mto iliyofichika tangu kale. Mto huo ni Nile. Livingstone alikufa akiitafuta asili yake, akidhani Lualaba ni maji ya Nile, kumbe ni ya Kongo. Wengi wapitao hapo hawawezi kuyasoma maneno hayo. Yule mtoto wa kiwandani angaliweza.

Je, Kilatini chafaa? Kwa atakaye kuwa padre, au mtaalamu wa mimea, au mchunguzi wa mambo ya kale, chafaa sana. Kwa mwingine huenda lugha ya jirani yake ikafaa zaidi. Lakini lugha yo yote mtakayoichagua, kumbukeni ile sentensi moja juu ya mashine. Haba na haba hujaza kibaba.